Vijiti Vyekundu vya Sindano

Kijiwe chetu kilikuwa mbele ya kibanda changu cha kunyolea, benchi moja refu lililolegea mguu, na birika la muuza kahawa likichemka pembeni. Wenyewe tulikuwa wanne. Mimi, Kinyozi. Spana, fundi baiskeli, ambaye hamwamini mtu yeyote aliyevaa koti jeupe. Redio, mstaafu wa bohari, ambaye akisikia nusu ya habari, nusu iliyobaki anaitunga mwenyewe. Na Sindano, fundi cherehani, mwembamba tangu zamani, ila siku hizo wembamba ulikuwa umezidi. Asubuhi hiyo alikuja amechelewa, mkononi ana mfuko wa dawa ambao haujafunguliwa. Akakaa mwisho wa benchi, akakohoa ndani ya kiwiko. Kahawa alimiminiwa, hakuigusa.

– Wanasema nina kifua kikuu.

– Nani kasema? akadakia Spana.

– Yule dada wa maabara, pale zahanati. Kachukua makohozi yangu, kapaka kidogo kwenye kipande cha kioo, kaangalia kwenye hadubini. Basi.

Spana akasonya.

– Kapaka! Mimi baiskeli ya mtu naipanda kwanza ndipo niseme ina kasoro.

– Ndivyo nilivyomwambia na mimi. Nikasema, dada yangu, simezi dawa miezi na miezi kwa kitu nisichokiona. Akaniambia, njoo uone.

Hapo wote tukasogea.

– Ukaona? nikamuuliza.

– Kwanza niliona kope zangu mwenyewe. Halafu ukungu mtupu. Akazungusha kigurudumu cha pembeni, polepole, ukungu ukatulia. Nikaona buluu, na juu ya buluu vijiti vyekundu, vyembamba, kama nyuzi zilizodondoka kwenye kitambaa.

– Picha hiyo, akasema Redio.

– Picha?

– Imebandikwa ndani ya bomba. Hata mimi ningechungulia ningeviona vijiti hivyohivyo.

– Hilo nilimuuliza. Akasema ndani hamna picha, mna lenzi tu. Chini kuna taa. Mwanga unapanda, unapenya kioo chenye makohozi, unaingia lenzi ya kwanza, ile ndogo, inakikuza kile kitu. Halafu lenzi ya juu, unapoweka jicho, inachukua kile kilichokwisha kukuzwa, inakikuza tena.

– Kama habari zako, Redio, nikasema.

Hakucheka.

– Na hiyo rangi? Spana akauliza. Makohozi yako mekundu?

– Hapana. Rangi wametia wao. Anasema vijidudu vyenyewe ni kama havina rangi, mwanga ungevipita tu usione kitu. Ile nyekundu ikivishika, hata ukiosha haitoki. Vingine vyote vinabaki buluu.

– Mmesikia? Spana akapiga goti. Wanatia rangi yao, halafu wanakuonyesha rangi yao!

Sindano akainama, akashusha sauti.

– Kuna jambo moja ndilo lililonitisha. Aliniruhusu nikisogeze kile kioo. Nikakipeleka kulia. Vile vijiti vikaenda kushoto.

Hata muuza kahawa aliacha kusuuza vikombe.

– Umeshikwa akili, akasema Redio taratibu. Hicho hakikuwa kioo chako. Hiyo ni video, inarushwa kutoka kwingine.

– Irushwe ili iweje?

– Fikiri. Wewe ni fundi cherehani. Kuna kiwanda cha nguo kinajengwa. Mafundi wote wakilazwa na dawa miezi na miezi, nguo zitashonwa na nani?

Mimi nilikuwa karibu kucheka, lakini nilimtazama Sindano usoni. Kila neno la Redio lilikuwa likimpa nafuu. Mtu alikuwa anataka sana kuambiwa kwamba ni mzima.

Spana akainua chupa yake ya maji anywe. Ilikuwa chupa ya kioo, ya mviringo, imejaa. Wakati huo pikipiki ikapita barabarani, inaelekea sokoni. Mkono wa Spana ukaganda hewani.

– Imerudi, akasema.

– Nini?

– Pikipiki. Huku nje imekwenda kulia. Ndani ya chupa imekwenda kushoto.

Tukaipokezana ile chupa, kila mmoja akiinyoosha mbele ya macho. Akipita mtu kulia, ndani anakwenda kushoto. Maandishi ya kibanda changu yalisomeka kinyumenyume.

– Ni mwanga unapinda, akasema Spana, kama mtu anayekiri kosa. Unapita kwenye kitu cha mviringo, unapishana. Wa huku unatokea kule.

– Na chupa hizo, akasema Redio, anazitengeneza nani?

Kabla hajajibiwa, mkwe wa Sindano akatokea, mke wa mwanawe, anatembea haraka, mtoto kamfunga mgongoni.

– Shikamoo, baba. Wamekuambia nini zahanati?

Sindano akaangalia chini. Redio ndiye aliyemjibia.

– Hana kitu, mama. Ni picha tu za kwenye bomba.

Yule mama hakumtazama Redio. Alifungua khanga, akamleta mtoto mbele. Mtoto akakohoa, kikohozi kikavu, akajificha kifuani kwa mama yake.

– Huyu analala na wewe, baba. Tangu juzi anakohoa hivi, na jana hakula. Kama ni picha, sasa yeye anakohoa nini?

Nilimtazama Spana, Spana akamtazama Redio.

Mtoto alimwona babu yake, akanyoosha mikono. Sindano naye akanyoosha ya kwake, kama alivyozoea, kisha akairudisha magotini. Akatoa kitambaa mfukoni, akajifunga mdomo na pua.

– Mlete zahanati, akasema. Lakini tembea mbele. Mimi nitakufuata kwa mbali.

Wakaondoka hivyo, mtoto akilia, kichwa kimegeukia nyuma.

Spana alibaki amekaa, chupa mapajani.

– Kinyozi, akasema, sisi tumekaa naye benchi hili tangu lini?

Niliingia ndani, nikazima taa, nikavuta mlango. Nilipogeuka, Redio alikuwa ameshavuka barabara, anakwenda zahanati mbio.