Bi. Kathure, Lori na Herufi B

Baada ya miaka thelathini na minne katika chumba cha kumbukumbu hapa Garissa, Bi. Kathure anastaafu tarehe thelathini Juni. Nimeombwa nimwandikie wasifu. Basi kwanza jueni hivi: makaratasi ya zamani ya ofisi hii yako hai kwa sababu yangu mimi Salah, tarishi mstaafu, mtoto wa mzee Abshir aliyekuwa na ng'ombe mia moja.

Haya, nimedanganya. Mimi nilikosea herufi moja tu. Kazi aliifanya yeye.

Alikuja kutoka Meru akiwa msichana, na sanduku moja na sweta ya sufu. Sweta, Garissa! Tulimpa wiki mbili atoroke. Akakabidhiwa stoo ambamo mafaili yalilala sakafuni, mchwa wakisoma upande huu na mbuzi wa mjini upande ule. Mbuzi wa Garissa hawana adabu mbele ya serikali. Siku mbuzi mmoja alipotafuna barua ya mwaka 1954, Bi. Kathure hakupiga kelele. Alichukua daftari akaandika: "Kurasa mbili hadi tano zimeliwa na mbuzi mweupe." Mbuzi akaingia kwenye historia. Mimi bado nangoja.

Mto Tana ulipofurika na maji yakaingia stoo, alizianika karatasi kwenye kamba moja moja, kama nyama ya kukausha. Wapita njia waliuliza harusi ni ya nani.

Sasa lile jambo la lori. Mwaka 2012 stoo ilitakiwa iwe chumba cha kompyuta, na makaratasi yakachomwe. Bosi wa wakati ule, mtu wetu wa hapa hapa, akapiga simu kutoka Habaswein kutoa amri. Niliyepokea ni mimi. Alitaka kusema lori ikija, mafaili yote yapakie. Lakini sisi Wasomali na herufi p hatujawahi kuamkiana. Yeye alisema kwa b, mimi nikasikia kwa b, nikaandika kwa b: "Lori ikija, mafaili yote yabakie."

Bi. Kathure alikisoma kile kikaratasi mara mbili. Alijua vizuri kinachotakiwa. Lori haliitwi kuja kutazama. Akakigonga muhuri, akakitia kwenye faili, na kesho yake akamwambia dereva: "Rudi salama, kaka. Yanabakia."

Bosi aliporudi, moto! Bi. Kathure akaitwa mbele ya kamati kwa kukaidi amri. Kazi ilikuwa inaondoka, na watoto wake wawili wako sekondari. Mwenyekiti, Bwana Musyoka, aliniuliza: "Mzee, ulisikia nini?" Nikamwambia nilisikia nilichoandika. Akamwomba bosi alitamke lile neno mwenyewe. "Bakia," akasema bosi. Polepole, tafadhali. "Ba-ki-a!" Mara ya tatu hata yeye mwenyewe alicheka. Musyoka akafunga faili: amri imetekelezwa kama ilivyotolewa.

Msifikiri ni mchezo. Mwaka jana Ramlo, msichana wa Balambala, alikuwa amenyimwa kitambulisho mara tatu. Alidaiwa ushahidi kwamba babu yake, Diriye, aliishi nchi hii. Nani alimwandika mchungaji zamani zile? Hakuna. Lakini ng'ombe waliandikwa! Bi. Kathure alichimba siku nne, akaibuka mweupe kwa vumbi na daftari la chanjo ya sotoka la mwaka 1961: "Diriye, Balambala, ng'ombe kumi na saba." Serikali haikumjua babu, ila ng'ombe wake iliwajua. Ramlo leo anasomea uuguzi. Alikuja na kibuyu cha maziwa ya ngamia, akamkumbatia: "Eedo, shangazi yangu, nimekuwa Mkenya kwa mkia wa ng'ombe!"

Daftari hilo ndilo lingekuwa la kwanza kupakiwa kwenye lori lile la 2012.

Abaayo, dada yangu Kathure, asante. Umetuwekea majina yetu wakati sisi wenyewe tulikuwa tunafungia sukari kwa karatasi zake. Funguo mwachie Morris anayeshika nafasi yako, vumbi likutoke kifuani, huko Meru mvua ikunyeshee, na mbuzi wako wasijue kusoma. Mungu akupe uzee mtamu.

Ila mimi nilisimama kwenye kamati kwa ajili yako, na fadhila hujanirudishia. Katika daftari lile lile, ukurasa wa arobaini na tatu, yumo baba yangu Abshir. Ng'ombe tisa, mmoja chongo. Ulicheka wiki nzima. Najua hufuti kitu, hata yule mbuzi hukumfuta. Basi kabla hujatoa funguo nisaidie kidogo tu: mafaili yote yabakie, kwa b. Ukurasa huo mmoja, tafadhali, upakie. Kwa p.