Marehemu Dada Yetu Pindo na Mshono wa Alasiri

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wenzake wa karakana mliokuja na ovaroli zenu kwa sababu gari la kazi limewaleta moja kwa moja, familia inawashukuru kwa kufika, na inaomba usikivu wenu kwa muda mfupi, tusome maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mnamjua kwa jina la Pindo. Historia hii aliitunga mwenyewe, akamwandikisha mdogo wake wa kiume, ambaye ndiye msomaji wenu, kwa siku tatu, kitandani, akimkatiza kila alipoongeza sifa, "Usinipambe, mdogo wangu, mimi siyo bibi harusi," na alipofika ukurasa wa tatu alimshika mkono akamwambia, "Ukiuruka huu, usije kunizika." Hautarukwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 8 Juni 1966, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa baba yetu, karani wa stoo, na mama yetu, mshonaji. Cheti chake cha kuzaliwa kinasema alizaliwa tarehe 19 Septemba, kwa kuwa siku hiyo ndiyo baba alifika ofisini kumwandikisha, na karani aliyemhudumia hakuona sababu ya mtoto kuzaliwa kabla ya kuandikwa. Hivyo basi marehemu ameishi miaka hamsini na saba, miezi minne na siku tisa kwa hesabu ya mama, na pungufu ya hapo kwa hesabu ya ofisi.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1974 hadi 1980, sekondari kuanzia 1981 hadi 1984, kisha chuo cha ushonaji kwa miaka miwili, ambako alipata jina la Pindo kwa tabia yake ya kugeuza nguo ya mtu yeyote, hata mwalimu mkuu, kuangalia ndani imemaliziwaje. Mwaka 1987 aliajiriwa katika kiwanda cha maturubai, akashona mahema na vifuniko vya malori kwa miaka kumi na minne, mpaka vidole vikawa vigumu kama kwato, jambo alilolisema kwa majivuno.

Tarehe 15 Desemba 1990 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi bomba, nyumba ikawa na watu wawili ambao mmoja kazi yake ni kuyaingiza maji ndani na mwingine kuyazuia yasiingie, na walibishana juu ya maji kwa karibu miaka thelathini na mitatu bila kuchoka wala kununiana. Walijaliwa watoto wawili, binti ambaye ni mwalimu, na kijana ambaye ni dereva wa kreni. Pamoja na mume alipata shemeji, mdogo wake mume, fundi wa kamba, yule anayepanda majengo marefu kwa mikanda na ndoano, ambaye mtaa mzima unamwita Ngazi, na utani wao ulianza siku ya harusi pale Ngazi alipolikagua gauni aliloshona bibi harusi kwa mkono wake na kutangaza kwamba halitafika jioni. Lilifika, na binti yake akaja kulivaa.

Tarehe 5 Machi 2001 marehemu alijiunga na karakana ya mapaa ya plastiki angavu, na hapa inabidi kueleza kidogo, kwa sababu hata wifi zake walidhani anatengeneza mifuko. Plastiki hiyo ni nyembamba kama karatasi ya daftari, inapitisha mwanga kama kioo, na paa zima la ukumbi unaweza kulibeba kwa malori mawili, tofauti na vioo ambavyo vingehitaji malori ishirini na nguzo za kutisha. Karatasi zake huunganishwa kwa joto, mshono kwa mshono, zikawa kama mito mikubwa ya kulalia, mito ikafungwa kwenye fremu za alumini huko juu, kisha feni ndogo ikaipuliza hewa na isizimwe tena, maana mto ulioishiwa hewa mvua inapokuja hugeuka beseni. Siku ya usaili mhandisi mkuu alimpa kipande akamuuliza angekishonaje, naye akakivuta, akakinusa, akajibu, "Hii haitaki uzi, mzee, hii inataka pasi," na akaanza kazi kesho yake. Ngazi alimfuata mwaka uliofuata, yeye akiunganisha chini, shemeji akifunga juu.

Sasa tumefika ukurasa wa tatu.

Katika karakana ile ipo sheria moja inayozidi zote, kwamba kila mashine inapowashwa, iwe asubuhi au baada ya umeme kukatika, fundi aunganishe kwanza kipande cha majaribio, akiache kipoe, akivute kwa mashine mpaka kichanike, na kikichanika pembeni mshono ukabaki, hapo ndipo aanze kazi, na baki lake lihifadhiwe kwenye faili, maana mshono ulioungwa kwa joto pungufu kwa macho ni mzuri kuliko mzuri, ila unakuja kubanduka baadaye. Jumanne ya tarehe 19 Februari 2008 marehemu alikuwa anaunganisha mto wa paa la ukumbi wa kusubiria wagonjwa wa hospitali kuu, asubuhi akapima ikakubali, saa saba umeme ukakatika, saa nane na nusu ukarudi, na lori lilikuwa liondoke saa kumi kamili. Kupima kunachukua dakika arobaini. Dada yetu hakupima. Alichukua baki la asubuhi, akalikata katikati kwa mkasi wake wa meno, ule wa ushonaji aliotoka nao chuoni, unaoacha ukingo wenye meno kama ya msumeno, nusu moja akaiandika "asubuhi," nusu ya pili akaiandika "alasiri," akaziweka kwenye faili, akamaliza mshono, na lori likaondoka saa kumi kasoro dakika tano, akasifiwa.

Ukumbi ulifunguliwa tarehe 30 Agosti mwaka huo kwa hotuba nne. Jumatano ya tarehe 11 Novemba 2009, saa nne asubuhi, siku ya kliniki, mvua kubwa ikinyesha, mto mmoja ulibanduka, ukaishiwa hewa, ukajaa maji mpaka tumbo likaning'inia, kisha ukayamwaga yote juu ya watu waliokuwa wamekaa kwenye mabenchi, bibi mmoja akateleza wakati anakimbia akavunjika kiwiko. Iliundwa tume ya watu tisa, ikafungua faili, ikakuta kipande cha asubuhi kimepita na cha alasiri kimepita, vyote imara, tena vinafanana kwa namna iliyowafurahisha, ikahitimisha kwamba kama mshono ni mzima basi mfungaji ndiye mzembe, bila shaka aliukwaruza kwa kiatu. Tarehe 26 Machi 2010 Ngazi alinyang'anywa kibali cha kufanya kazi juu, akawekwa getini, kazi yake ikiwa kuandika majina ya wenzake wanaopanda.

Jambo lililomla dada yetu si adhabu ile peke yake. Ni kwamba Ngazi aliamini. Alikumbuka kwamba siku ya kuufunga mto ule pale juu aliteleza kidogo, akasadiki kwamba ni yeye, akavitupa viatu vyake vya kazi, akawa anaenda kumsalimia yule bibi wa kiwiko kila Jumapili, na mtu aliyekuwa akicheka barabara nzima ikasikia akawa mpole mpaka watoto wakawa wanamwogopa. Marehemu aliyatazama haya, akimpakulia chakula mezani kwake, kwa miaka miwili na miezi minane, akanyamaza. Alisisitiza isomwe hivyohivyo, alinyamaza, kwa kuwa alimwogopa mhandisi, aliogopa kufukuzwa, na zaidi aliogopa uso wa shemeji yake.

Jumapili ya tarehe 2 Desemba 2012, wakati wa chai, alimweleza kila kitu, mbele ya mumewe. Ngazi akauliza, "Kwa hiyo vile viatu, shemeji, havikuwa na kosa?" Akaambiwa havikuwa na kosa. Akasimama, akasema, "Nimeviota miaka yote hii," akaiacha chai, na hakuvuka tena kizingiti kile kwa miezi kumi na minne.

Jumatatu ya wiki iliyofuata, tarehe 10 Desemba, marehemu alikwenda kwa mhandisi mkuu, akashushwa cheo akawa mfungasha mizigo kwa mwaka mzima, akashukuru, kisha akapeleka barua kwenye ofisi ya vibali ili kosa liandikwe kwa mwenye nalo. Hapo ndipo alipogundua kwamba nchi ina fomu ya kulalamika, ya kukanusha na ya kukata rufaa, ila ya kukiri haina. Karani wa dirisha la pili alimwambia kwa huruma kabisa, "Mama, hapa watu huja kukana, sasa wewe nikupeleke dirisha gani?" Mwaka 2014 aliambiwa alete mashahidi wawili waliomwona hakupima. Mwaka 2016 aliambiwa taarifa ya tume imeshajalidiwa. Mwaka 2017 aliambiwa kosa lina mtu wake tayari, na haliwezi kuhamishwa mpaka mwenye kosa aandike barua ya kuridhia kuliachia.

Lakini tusisahau siku ile ya Februari 2014, kwani ndiyo siku aliyoitaja mara nyingi kuliko ya harusi, fundi bomba atusamehe. Alikuwa kwenye foleni ya ofisi ile, akasikia mtu nyuma yake anasema, "Sogea mbele, shemeji, foleni hii ni ya wenye makosa, na kisheria mwenye kosa bado ni mimi." Hakugeuka kwanza, kwa sababu alikuwa analia, naye Ngazi akaendelea kumwambia yule karani kwamba huyu mama amsikilize haraka, maana hata gauni lake la harusi lilikuwa na mshono wa wasiwasi. Tangu siku hiyo walikwenda wote, kila miezi mitatu, na barua ya kuridhia kuliachia kosa Ngazi aliiandika kwa mwandiko mzuri kupita kiasi, ikapotea, akaiandika tena.

Marehemu alirudishwa kwenye mashine yake, akafundisha mafundi kumi na saba ambao karibu wote mko hapa, na kila mmoja wenu alimwonyesha ule mkasi wa meno akamweleza habari yake kabla hajamruhusu kugusa kitu, kisha akastaafu tarehe 19 Septemba 2021 kwa umri wa ofisi.

Mwezi Mei 2022 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi, akaonekana ana ugonjwa wa moyo, akawa anahudhuria kliniki katika hospitali ileile, akikaa chini ya paa lilelile, akiwahesabia wagonjwa wenzake mishono kwa kidole, akiwaambia ipi ni ya asubuhi, na wapo waliohama benchi.

Tarehe 24 Julai 2023, akiwa tayari hawezi kupanda ngazi za ofisi, alipanda, akishikwa huku na mumewe na huku na shemeji yake. Walimkuta mhandisi mpya, dada mmoja aliyehamishiwa pale wiki hiyo, ambaye hakujua bado kwamba jambo lile haliwezekani, akaagiza faili liletwe, akavitoa vile vipande viwili, akaviweka mezani, akavisogeza taratibu kimoja kuelekea kingine, na meno ya kimoja yakaingia kwenye mapengo ya mwenzake, jino kwa jino, pasipo nafasi ya kupitisha unywele. Akasema, "Tume ya watu tisa." Marehemu alisimulia kwamba pumzi aliyoivuta pale ilikuwa ndefu kuliko zote za mwaka ule.

Hali yake ilibadilika mwanzoni mwa Oktoba, akalazwa tarehe 9, na kila asubuhi aliuliza jambo moja tu, kama barua ya Ngazi kutoka ofisi ya vibali imekuja, wala hakuwa anaulizia ya kwake. Haikuja. Jumanne ya tarehe 17 Oktoba, saa tano na robo asubuhi, dada yetu alifariki dunia, mume wake akiwa ameushika mkono mmoja, na Ngazi, aliyeruhusiwa kutoka getini kwa saa mbili, ameushika wa pili.

Barua imefika juzi, Alhamisi. Imeandikwa tarehe 18, ina mihuri miwili, na ina aya mbili. Aya ya kwanza inasema fundi wa kamba hakuwa na kosa, na kibali chake kinarejeshwa. Aya ya pili inasema mhusika wa kosa amebainika kuwa ni marehemu, ingawa hawakujua ni marehemu, na kwamba kuanzia tarehe ya barua hii anapigwa marufuku kugusa plastiki ya paa maisha yake yote. Familia inapenda kuiarifu ofisi kwamba aya ya pili imetekelezwa kikamilifu, siku moja kabla, na isijisumbue kutuma mkaguzi. Kuhusu aya ya kwanza, keshokutwa Jumatatu, saa moja asubuhi, shemeji yetu anapanda.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani waliolala chini sebuleni kwetu tangu Jumanne, karakana nzima, yule bibi wa kiwiko aliyekuja kwa miguu yake, na mhandisi wa ofisi ya vibali, kwa kuvisogeza vipande viwili.

Dada, alichobebeshwa mwenzako kimetuliwa, na chako kimeandikwa kwa jina lako, kama ulivyotaka. Lala sasa, Pindo, kwa amani.