Mwanamvua Seifu Kibwana, Fundi Aliyemwashia Mumewe Gemu
(1969–2025)

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu, jamaa na majirani wa Visiga, Mlandizi na Kisarawe, assalaam alaykum. Sote ni wa Mwenyezi Mungu, na kwake tunarejea. Kabla jeneza halijatoka hapa nyumbani, familia imemwomba Khalfani Seifu, mdogo wa marehemu, asome kwa ufupi maisha ya dada yake.

Marehemu Bi Mwanamvua alizaliwa tarehe 12 Agosti 1969 katika kijiji cha Masaki, wilayani Kisarawe. Kila alipotaja kwao aliongeza haraka: "Masaki ya mihogo, jamani, si ile ya Dar ya maghorofa." Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Seifu Kibwana na Bi Salama binti Kondo, ambao wote wametangulia mbele ya haki.

Alianza shule ya msingi hapo hapo kijijini mwaka 1977 na kumaliza darasa la saba mwaka 1983. Alipokuwa darasa la tano, baba yake alirudi kutoka shamba akaikuta redio ya nyumbani imefunguliwa na kutandazwa kwenye ungo kama mchele unaochambuliwa. Mzee Seifu hakumpiga. Alivua kofia, akakaa, akasema, "Haya mama, siku itakaposema tena ndipo tutakula." Wadogo zake bado wanaikumbuka njaa ya siku ile. Redio ilisema jioni, na tangu hapo Mzee hakumzuia tena mwanawe kushika bisibisi. Mwaka 1987 alimpeleka kwa ndugu zake Dar es Salaam akasomee ufundi wa redio katika chuo kimoja cha Chang'ombe. Darasani wasichana walikuwa wawili. Alimaliza mwaka 1989.

Kazi aliianzia kwenye karakana moja ya Gerezani, na huko ndiko alikokutana na Matano Yassin, kijana wa kijiji cha Janga aliyekuwa dereva wa lori la masafa marefu. Matano alileta redio ya lori, ikatengenezwa. Baada ya wiki akairudisha. Aliporudi mara ya tatu, Mwanamvua aliifungua mbele yake, akaona waya uliochomolewa kwa mkono, akamtazama usoni.

"Kaka, redio yako ni nzima. Mgonjwa ni wewe."

"Basi nitibu," Matano akajibu.

Walifunga ndoa tarehe 5 Juni 1993 hapo Masaki. Mwaka 1996 wakahamia Mlandizi, marehemu akafungua kibanda chake cha kutengeneza redio, na televisheni zilipoingia kwa wingi akazifuata nazo. Baadaye walijenga hapa Visiga. Mungu aliwajalia watoto wawili, Zubeda na Abdulaziz. Baba yao alikuwa safarini siku nyingi kuliko alizokuwa nyumbani. Katika safari moja ya Zambia alinunua gemu la mkononi, zito kama tofali, la kutumia betri, lenye kioo cha rangi ya majani mabichi kisicho na taa. Alikuwa akilicheza, akipanga matofali yanayodondoka kiooni, kwenye foleni ya mpakani Tunduma. Watoto walipokua na simu zikaingia, gemu likawekwa kabatini likasahaulika.

Tarehe 9 Februari 2021 Mzee Matano alianguka na kiharusi. Alirudi kutoka hospitali akiwa hawezi upande wa kulia, ulimi mzito, macho yakimwonyesha vitu viwili viwili. Mtaalamu wa mazoezi alimpa mpira wa kubinya. Aliukataa. Alikataa kijiko, akakataa wageni, na maneno machache aliyobaki nayo alimpa dada yake, Bi Zena: "Nipelekeni Janga. Nikafie kwetu."

Mwanamvua alisikia hayo akiwa mlangoni na sinia la uji mkononi. Alimwambia mdogo wake Firdausi kwamba siku ile ndipo alipoogopa kweli. Kiharusi aliweza kukivumilia. Hakuweza kumvumilia Matano aliyeamua kwamba mambo yamekwisha.

Siku chache baadaye Zubeda, akipanga kabati, aliliona lile gemu. Alilitia betri akampa baba yake ashike tu. Mzee alilisogeza dirishani, akaligeuza huku na huku, hakuona kitu. Kioo kilikuwa kimefifia, na baadhi ya mistari ilikuwa imekufa kabisa. Akalitupa mkekani. Zubeda akaanza kulia, lakini mama yake alimshika mkono akamnong'oneza, "Nyamaza. Umekiona kidole gumba?" Kabla ya kulitupa, kidole gumba cha mkono wa kulia, mkono ule ule uliokuwa umelala tangu Februari, kilikuwa kimekitafuta kitufe.

Siku hiyo hiyo alilichukua gemu kibandani. Alianza na ile mistari iliyokufa, akaupasha moto kidogo utepe unaounganisha kioo na bodi. Mistari miwili ikarudi. Akazidisha moto kidogo tu, utepe ukaungua, kioo chote kikafa. Alifunga kibanda mchana kweupe akarudi nyumbani. "Nilikuwa na mgonjwa mmoja," alimwambia Abdulaziz kwa simu, "sasa nina mgonjwa na maiti."

Abdulaziz akamtuliza. "Mama, usipaniki. Vioo vipya vya magemu ya zamani vipo, vina taa ndani. Ngoja nimcheki mshikaji wangu wa Kariakoo, anaagiza China."

Kioo kilichukua muda mrefu kufika, na Ramadhani ikaingia. Kilipofika, marehemu alilazimika kukata vipande vya plastiki ndani ya ganda ili kikae, kisha akachomelea nyaya zake. Alipowasha, kioo kiling'aa kiasi cha kumfanya afumbe macho. Alilipeleka nyumbani karibu anakimbia. Mzee Matano alitazama, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, kisha akaliweka chini. Mkono ulikuwa unatetemeka, na kwenye kioo kidogo vile, macho yake yaliona magemu mawili yanayopishana. "Siwezi," akasema.

Bi Zena alikuwapo. Tayari alikuwa ameongea na mtu mwenye gari. Siku ya Idi ndugu yake angepelekwa Janga. Hakuwa na ubaya wowote, na mwenyewe ameridhia haya yasomwe. Alimwona kaka yake anazima polepole. "Wifi," akasema, "mtu anaondoka mikononi mwetu, wewe unachezea nyaya."

"Nipe mpaka Idi, wifi yangu," Mwanamvua akamjibu. "Baada ya hapo mimi mwenyewe nitambeba."

Alichofanya baada ya hapo, mafundi waliomfahamu wanakijua. Alitaka picha itoke kwenye gemu iende kwenye televisheni kubwa ya sebuleni. Abdulaziz alimtafutia bodi ndogo ya kubadilisha picha ya gemu iwe ya televisheni, na marehemu akaanza kuchomelea nyaya nyembamba kama unywele kwenye bodi, akitumia kioo cha kukuzia, akiwa amefunga. Mara ya kwanza televisheni ilitoa chenga tupu. Akachomoa zote, akaanza upya. Mara ya pili picha ilikuja ikawa inapanda juu kama moshi. Waya mmoja ulikuwa umeachia, akaurudishia. Kisha akamwomba seremala jirani atengeneze kibao cha mninga, akalifungia gemu juu yake ili mgonjwa asilazimike kulishika. Angeweka tu vidole.

Siku ya Idi gari lilikuja asubuhi. Bi Zena alikuwa ameshakunja nguo za kaka yake. Mwanamvua hakubishana na mtu. Aliweka kibao kwenye meza mbele ya mumewe, akamziba jicho moja kwa kitambaa ili vitu viwili viwe kimoja, akachomeka waya, akaenda jikoni kutazama pilau. Alimwambia Firdausi baadaye kwamba hakwenda kutazama pilau. Hakuweza kusimama pale akamshuhudia mumewe akishindwa.

Kule sebuleni matofali ya lile gemu yakaanza kudondoka kwenye televisheni, makubwa kama sahani. Halafu ikasikika sauti ambayo nyumba hii ilikuwa imeisahau:

"Sogea! Sogea kulia, wewe!"

Mwiko ukamwanguka Mwanamvua. Akatoka mbio mpaka mlangoni. "Unasema na nani?"

"Na hili tofali," akasema Mzee Matano, kidole gumba kikibonyeza. "Halisikii."

Bi Mwanamvua alikaa chini sakafuni, pale pale mlangoni, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Bi Zena akajifuta uso kwa mtandio, akasema, "Mwambieni dereva aingie ale pilau. Hatuendi popote."

Tangu siku hiyo Mzee Matano alikula na kuongea, na alikubali mazoezi yote aliyopewa na mtaalamu wake, akilipwa kwa gemu kila alipomaliza. Mwaka uliofuata alitembea na mkongojo, halafu bila mkongojo. Watu wengine wawili wenye kiharusi waliletwa kwa marehemu na familia zao. Mmoja, wa Magindu, alisaidika. Mwingine hakusaidika, na marehemu alikuwa wa kwanza kusema kwamba gemu si dawa. "Dawa ni mtu kutaka," alikuwa akisema. "Mimi nilitafuta tu alichokitaka Matano."

Mwezi Novemba 2023 Bi Mwanamvua aligunduliwa kuwa na saratani ya kizazi. Alitibiwa jijini Dar es Salaam kwa karibu miaka miwili, na familia inawashukuru kwa dhati madaktari na wauguzi waliomhudumia. Siku aliyoambiwa ugonjwa wake, alirudi nyumbani akamkuta mumewe ameinama jikoni anamkorogea uji, mkono wa kulia ndio umeshika mwiko. Alimwita Bi Zena pembeni. Bi Zena akadhani anataka kulia. Badala yake alishusha pumzi ndefu, akasema, "Wifi, huu ungekuja mwaka ule, ningeufichaje? Sasa nina nafasi ya kuugua."

Na aliugua akihudumiwa. Mzee Matano alimfulia, alimpikia, alimsindikiza kila kliniki. Maumivu yalikuwapo, hatusemi hayakuwapo, lakini hofu iliyowahi kumkaa moyoni haikurudi. Jumatano tarehe 8 Oktoba 2025, baada ya sala ya alasiri, alimwomba mumewe amgeuze alale ubavu wa kulia. Akamgeuza. Akasema, "Hapo hapo. Asante, Baba Zubeda." Alilala, na katika usingizi huo Mola wake akamchukua. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na sita.

Marehemu ameacha watoto wawili, Zubeda na Abdulaziz, wajukuu watatu, wadogo zake Firdausi na Khalfani, wifi yake Bi Zena, ambaye tangu jana hakubali kuitwa wifi, anasema ni dada, na wateja wengi ambao vitu vyao viko kibandani, nao waondoe shaka, Abdulaziz atawarudishia. Ameacha mume, Mzee Matano Yassin. Tunamsafirisha sasa kwenda Masaki ya mihogo, na huko, baada ya sala ya adhuhuri, Mzee Matano ndiye atakayeshuka kaburini kumpokea mkewe, kwa mikono yake yote miwili.

Ewe Mola, umpokee na wewe. Mlaze Mwanamvua wetu mahali penye nuru na utulivu, apumzike kwa amani. Amin.