Mwalimu Wapi na Mstari wa Chaki

Marehemu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Agosti 1949, mtoto wa pili kati ya wanne, katika nyumba ya matofali ukingoni mwa mto. Kuhusu nchi alikozaliwa, familia inaomba radhi: hati zake mbili hazikubaliani. Alipokuwa na miaka sita, wakubwa waliusogeza mpaka kutoka mlimani hadi mtoni, na shamba la baba yake lililokuwa ng'ambo likageuka kuwa ugenini. Mwaka 1962 vita vikazuka pale pale mtoni. Kaka yake mkubwa alikwenda asirudi. Marehemu hakupenda kupewa pole kwa hilo. Alipenda kuulizwa kwa nini watu walipigania pale na si kwingineko, na kwa kuwa hakuna aliyemuuliza, alikereka maisha yake yote.

Alisoma shule ya msingi kijijini, kisha sekondari ya bweni mjini. Huko mwalimu wa historia aliwakaririsha vita vya mtoni: tarehe, majina ya majenerali, idadi ya mizinga. Marehemu akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mbona walipigania mto tu, na nyika yote ile wakaiacha?"

"Kaa chini. Hilo halimo kwenye mtihani."

Alikaa, lakini lilimkaa rohoni. Mwaka 1973 alihitimu chuo cha ualimu, somo la jiografia.

Kuanzia 1974 hadi alipostaafu mwaka 2009 alifundisha katika shule moja tu, ile iliyo nyuma ya stesheni ya reli, katika darasa la mwisho wa korido ambalo dirisha lake halikufungika. Ramani ya ukutani ilionyesha nchi ambazo zilishakufa. Kila mwaka aliomba mpya, na kila mwaka aliambiwa mwakani. Wanafunzi walimwita Mwalimu Wapi, kwa sababu ukimwambia vita vilianza lini, yeye alikukatiza: "Wapi?"

Somo lake la mipaka mnalikumbuka wengi mlioketi hapa. Alichora mstari wa chaki sakafuni, mlango ukawa upande huu, ndoo ya maji upande ule. Darasa lilicheka. Kesho yake walikuta mstari umesogezwa madawati mawili, bila mtu kuulizwa, na waliolala wenyeji wakaamka wageni. Kufikia mapumziko kicheko kilikuwa kimekwisha. Mwaka mmoja wavulana wawili walichaniana mashati wakigombea ndoo, na mkuu wa shule akamwita ofisini.

"Mwalimu, unafundisha watoto kupigana?"

"Sijafundisha mtu kupigana, mama. Nimesogeza mstari tu."

"Basi ufute."

"Nitaufuta. Na ile ya kwenye ramani utamwambia nani aifute?"

Alipewa onyo. Mwaka uliofuata alichora tena.

Kilichomchosha zaidi ni majibu ya mitihani. Kila muhula aliuliza chanzo cha vita, na kila muhula nusu ya darasa iliandika: watu wabaya. Alirudisha karatasi akitikisa kichwa. "Watu wabaya wako kila mahali! Mbona hawapigani kila mahali?" Basi muhula uliofuata wakajirekebisha kupita kiasi, wakaandika kwamba mlima ndio uliosababisha. Alikishika kichwa kwa mikono miwili. "Jamani, mlima haujawahi kubeba bunduki! Mlima unampa mtu sababu, unampa na pa kujificha. Anayeamua ni mtu." Kisha alianza upya, tangu mwanzo, huku akisonya.

Tarehe 16 Desemba 1978 alimwoa fundi cherehani kutoka ng'ambo ya mto, baada ya harusi kuahirishwa mara mbili kwa kuwa daraja lilifungwa. Mama, mjane wake, anasimulia kwamba siku ya kwanza nyumbani, bwana harusi alimweka dirishani akaanza kumweleza kwa nini kile kilima cha mbele kina thamani kuliko bonde. Alimsikiliza mpaka uvumilivu ukamwishia. "Mwenzangu," akamwambia, "mimi nimeolewa na mtu, sikuolewa na ramani." Marehemu alinyamaza. Mama anasema hiyo ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho.

Machi 2022 alipata kiharusi, mkono wa kulia ukafa ganzi. Mwaka uliofuata alitembelewa na mwanafunzi wake wa zamani, mpima ardhi katika kamati iliyokuwa ikiweka mpaka wa wilaya mbili ambazo zilishaanza kuchomeana maboma. Mgeni alitandaza ramani kitandani, akaonyesha mstari ulionyooka vizuri kabisa.

"Visima viko wapi?" marehemu akauliza.

"Havimo kwenye ramani, mwalimu."

"Nimekuuliza viko wapi. Sijakuuliza kama vimo."

Mpima ardhi alikwenda kwa miguu akavikuta vyote upande mmoja, na mifugo mingi upande wa pili. Alirudi kuieleza kamati. Mwenyekiti akamjibu kwamba ramani imeshachapwa. Akakataa kutia saini, akaondolewa kazini, na mpaka ule haujapitishwa hadi leo. Wafugaji wa pande zote bado wananywesha pamoja. Alipokuja kumweleza mwalimu wake, marehemu alifumba macho.

"Miaka thelathini na tano ya kufundisha," akasema. "Mmoja!"

"Si umwambie asante?" mama akamkemea.

"Nimemhesabu. Anataka nini tena?" Lakini aliushika mkono wa kijana wake kwa ule wa kushoto, asiuachie mpaka chai ikapoa.

Marehemu alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, alasiri, akisikiliza redio. Mtangazaji alisema kwamba mapigano yamezuka ghafla kwenye mpaka fulani wa mbali. Mama akiwa jikoni alimsikia akisonya. "Ghafla!" akasema kwa hasira. "Ati ghafla!" Alipoingia na kikombe, alimkuta ameshatulia.

Ameacha mjane, watoto watatu, wakwe, wajukuu saba, na wadogo zake wawili wa kike, mmoja wao akiwa amewasili asubuhi hii baada ya kusimamishwa darajani na kuulizwa anakwenda kwa nani. Alijibu kwamba anakwenda kwao.

Mungu ampe amani ile ile aliyotugombeza tuitafute.