Gerishon Shivachi na Kompyuta Ishirini za Gatina

Wapendwa mliokuja kutushika mkono, mimi ni Trizah, dada mdogo wa marehemu, na familia imenipa nafasi niwasomee maisha yake.

Gerishon Shivachi alizaliwa tarehe 14 Machi 1986 huko Shinyalu, Kakamega, kifungua mimba wa Mzee Ambrose Shivachi na Mama Nasipwondi, akaletwa Kibera mwaka 1993, akasoma hapo hadi darasa la nane mwaka 2000, akamaliza kidato cha nne nyumbani Shinyalu mwaka 2004. Mwaka 2006 alianza kutengeneza kompyuta kando ya Soko la Toi, na tarehe 6 Desemba 2014 akafunga ndoa na Nereah, Mungu akawajalia Ryan na Valentine.

Kuanzia 2016 alitunza kompyuta ishirini za darasa la kompyuta la kanisa letu, Gatina, ambako nami nilikuja kusoma, zote za kupewa, za miaka na aina tofauti, na kwa kuwa mtandao pale ni hafifu, alipakua masasisho ya programu kazini kwake, akayabeba kwa flashi, akaja kwa miguu kuiwekea kila mashine yanayoifaa, hata rafiki yake Phanuel akamtania kwamba anampikia kila mgeni kwa sufuria yake.

Tarehe 15 Novemba 2022 haraka ilimshika, akaweka sasisho moja kwa zote, na kumi na moja za zamani zikakataa kuwaka, zikiwa na kazi zetu za mwaka mzima, mtihani umebaki siku tatu. Stima ilikuwa imepotea asubuhi hiyo na angeweza kuisingizia, lakini alisimama mbele yetu akasema kosa ni lake, hakujaribu kwanza. Hakuna aliyemfokea, na Wakarima, mwanafunzi mwenzangu, alikaa naye siku mbili, mashine kwa mashine, mpaka zote zikawaka na kazi zetu zikapatikana, nami nikafanya mtihani huku wifi yangu Nereah amenipakatia mtoto wangu. Tangu hapo Gerishon alijaribu kila sasisho kwenye kompyuta moja ya kila aina, akangoja siku nzima kabla ya kugusa nyingine.

Figo zilianza kumsumbua Januari 2025, akalazwa tarehe 2 Mei, akatuacha alfajiri ya tarehe 19 Mei 2025, akiwa na miaka thelathini na tisa.

Tunawashukuru madaktari, muuguzi aliyemnyoa ndevu kila Jumapili bila kuombwa, majirani wa Kibera waliowalisha Ryan na Valentine, na mafundi wenzake wa Toi. Nanyi wanafunzi wa mwaka ule, mliokaa pale nyuma, Gerishon aliniambia wodini kwamba siku ya kosa lile alienda nyumbani ameamua kumrudishia mchungaji funguo za darasa, lakini kesho yake akawakuta mlangoni mnamngoja, hakuna aliyekosa, akaona haya kuacha, akaendelea miaka miwili na zaidi. Asanteni kwa miaka hiyo.

Kaka, umefanya vyema, pumzika sasa kwa amani ya Mungu.