Jezi Chini ya Koti

Katika bajaji ya kwenda Lizaboni niliketi kati ya Imaculata, mkimbiaji wa timu ya taifa, na mzee mmoja aliyemtambua kwa jezi iliyochungulia chini ya koti la binti huyo. Binti alimwamkia shikamoo kwa ukamilifu, jambo lililonifurahisha.

“Marahaba. Nasikia unakwenda parokiani kuwaeleza vijana kwamba uliwahi kuugua akili,” alisema mzee. “Basi funga hiyo zipu, binti. Usiitie jezi yetu aibu kwa kazi ya kujitolea isiyokupa kitu.”

“Inanipa, babu. Nilipokuwa nikinyamaza, nilitapika kabla ya kila mashindano. Tangu nianze kuzungumza na vijana wale, ninalala usiku, na nikisimama kwenye mstari wa kuanzia sina tena cha kuficha.”

“Na wakikuita kichaa?”

“Waniite, lakini wanikamate kwanza.”

Mzee alinitazama, kana kwamba mvi zangu zilikuwa upande wake. Nilitazama barabara.

Bajaji ilisimama mbele ya ukumbi wa parokia, vijana wakiwa wamejaa mlangoni. Imaculata alishuka, akafungua zipu mpaka chini, akavua koti lote na kulining'iniza begani.

“Binti,” aliita mzee.

Hakugeuka.