Alichofuta Mama Nukta Ni Vumbi Tu

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote hadi leo: mimi ni wa nne kuombwa kuandika wasifu huu. Kabla yangu waliombwa walimu watatu. Wa kwanza alisema ana rundo la madaftari ya kusahihisha. Wa pili akasema yeye si mtu wa kalamu, ingawa anafundisha uandishi. Wa tatu, mwalimu wa jiografia, aliuliza kwanza kama Naibu Mkuu atausoma, na alipoambiwa ndiyo, akakumbuka kwamba ana safari. Maombi hayo yalifanyika maktabani, nami nilikuwa nyuma ya rafu nikitafuta kitabu, kwa hiyo niliyasikia yote. Ndipo likatafutwa jina la mwanafunzi asiyesema sana, likapatikana langu.

Basi, Mama Nukta, katibu muhtasi wa shule yetu, anastaafu Ijumaa hii, siku ya mwisho ya muhula, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi.

Alianza kwa taipureta. Mama yangu alisoma hapa enzi hizo, na anasema karatasi za mitihani zilikuwa zinanuka wino, ukizishika unatoka na vidole vyeusi. Mama Nukta alikuwa anakata stensili, kisha anazungusha mkono wa mashine ya kurudufu mpaka bega linakufa ganzi. Cheti cha mama yangu cha kumaliza shule alikichapa yeye. Ilipokuja kompyuta ya kwanza, aliizoea kabla walimu hawajaacha kuiogopa. Kila asubuhi aliifuta kwa kitambaa cha buluu, na kila jioni aliifunika kwa kifuniko alichokifuma mwenyewe, kama mtu anayemlaza mtoto.

Jina lake halikutokana na upole. Mama Nukta ana ulimi mkali, na sitii chumvi. Tangazo likifika mezani kwake bila nukta mwishoni, analirudisha, hata likiwa limetoka kwa Mkuu wa Shule. Inasemekana aliwahi kumwambia Mkuu aliyepita, "Mheshimiwa, hapa umefika au bado unatembea?" Mimi ni katibu wa kikundi cha wasomaji, na tangazo langu la kwanza alilitazama hivi, akalisukuma kwangu kwa kidole kimoja. "Sentensi hii imekata breki, mwanangu. Ipeleke gereji." Niliona aibu kiasi kwamba sikula mchana. Ila tangu siku hiyo sijawahi kusahau nukta.

Sasa naomba msomaji anivumilie, maana hapa ndipo wasifu mwingine ungeruka.

Likizo iliyopita kompyuta za ofisi ziliwekewa mfumo endeshi mpya. Fundi alikuja adhuhuri, akaondoka alasiri. Mama Nukta hakuulizwa lolote. Alirudi kutoka likizo akakuta mashine yake haimtambui. Kitufe cha kuanzia kilikuwa kimehama kutoka pembeni kwenda katikati. Maandishi yalikuwa madogo kama sisimizi. Printa ilikuwa pale pale mezani, waya umechomekwa, taa inawaka, na kompyuta inasema hakuna printa. Fundi alimwelekeza kwa muda ambao hautoshi kunywa chai ya moto.

"Na kazi zako sasa zinakaa kwenye wingu, mama," akamwambia.

"Wingu? Mvua ikinyesha je?"

"Mama nawe! Haya mawingu hayanyeshi."

Halafu, kwa nia njema kabisa, akambadilishia lugha ya mashine iwe Kiswahili. Akasema atafurahi.

Hakufurahi. Ikifika saa ya kazi nyingi kuliko zote, kioo kilikuwa kinageuka rangi moja na kusema mashine inajisasisha, isizimwe, naye anakaa mikono mapajani huku foleni ya walimu mlangoni ikimwuliza kulikoni. Kibaya zaidi, ile lugha mpya ilibadilisha majina ya vitufe tu. Sehemu ya kusahihisha maneno ilibaki kwenye lugha ya kigeni, na kila neno la Kiswahili ililiona kosa. Mtu anaandika hivi, yenyewe inageuza vile, kimyakimya, akiwa ameshahamia mstari mwingine. Ndivyo barua ya mkutano ilivyotoka imeandikwa, "Wazazi wote mnakaribishwa sauna." Baba mmoja alikuja na taulo begani. Alikuwa anatania, lakini Mama Nukta hakucheka. Mtu aliyekesha na nukta miaka yote hiyo, barua yenye jina lake chini ikawaalika wazazi kwenye chumba cha kuogea kwa mvuke.

Hayo bado yalikuwa madogo. Kubwa ni neno "futa".

Wiki moja kabla ya mitihani ya katikati ya mwaka, kwenye kioo ulitokea ukanda wa njano: hifadhi imejaa. Ukanda ulikaa juu ya kazi yake kama kiraka, hauondoki. Alimpigia fundi simu, akaiweka sauti ya juu kwa kuwa mikono yake ilikuwa kazini. Mle ofisini walikuwepo Naibu Mkuu, mwalimu wa hesabu na mwalimu wa jiografia. Fundi alikuwa na haraka zake. "Hiyo wala isikusumbue, mama. Futa tu hapo kwenye kioo, itaondoka."

Mama Nukta akachukua kitambaa cha buluu, akafuta kioo.

Mimi nauliza: alikosea nini? Kwa lugha yetu, kioo kinafutwa kwa kitambaa. Ubao unafutwa, meza inafutwa, machozi yanafutwa. Walioamua neno hilo hilo libebe na kazi ya kuangamiza faili hawakumshirikisha. Lakini wale watatu walivunjika mbavu. Naibu Mkuu alicheka mpaka akavua miwani, kisha akainama juu ya bega la Mama Nukta, akachukua kipanya. "Sogea, mama. Kufuta kwenyewe ni hivi." Akabonyeza Futa. Mashine ikauliza swali, akabonyeza Ndiyo. Ikauliza tena, akabonyeza Ndiyo tena, bado anacheka. Ukanda wa njano ukaondoka, na mitihani ya madarasa yote ikaondoka nao.

Mfumo ule ulikuwa umehamishia kazi zake kwenye wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni, bila kumwuliza, kwa hiyo kilichofutwa kule kilifutika na huku. Mama Nukta alisema hapo hapo, "Mwalimu, umefuta mitihani." Akajibiwa, "Kompyuta ni ya nani, mama?"

Kufikia mapumziko, shule nzima ilijua kwamba mama wa ofisini amefuta mitihani kwa kitambaa. Kufikia jioni alikuwa na jina jipya: Mama Futa. Wanafunzi waliliimba dirishani. Naibu Mkuu alilisikia kwenye mstari wa asubuhi, akatabasamu. Mitihani iliahirishwa wiki moja, na katika wiki hiyo Mama Nukta aliichapa yote upya kutoka kwenye miandiko ya walimu, na miandiko ya baadhi yao ni adhabu tosha. Viganja vyake vilivimba. Mitihani ilipokamilika, aliambiwa apumzike: uchapaji angepewa karani mpya, kijana, na yeye angekaa meza ya mapokezi kupokea wageni hadi siku zake ziishe. Waliliita jambo hilo heshima.

Hayo simwelezi mtu kwa kubahatisha. Nilipopewa kazi hii nilikwenda kwa waliokuwepo, mmoja mmoja, na daftari langu. Mwalimu wa hesabu alisema, "Ndivyo ilivyokuwa." Mwalimu wa jiografia alisema, "Ndivyo, lakini usiandike." Naibu Mkuu alinipokea vizuri, akanipa kiti. "Andika kwamba teknolojia ilimpita," akasema. "Weka na kile kichekesho cha kitambaa. Watu watacheka, watapiga makofi, itakuwa sherehe nzuri."

Mama Nukta mwenyewe nilimkuta mapokezi, amepanga kalamu za wageni sambamba. Nilimwuliza angependa wasifu wake useme nini.

"Ukitaka sema nilikuwa mkali. Sema nina mdomo. Ni kweli ninao," akasema. "Lakini mwanangu, nisitoke kwenye geti lile naitwa Mama Futa."

Hilo tu ndilo aliloomba.

Liko jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Baada ya kuhamishwa, hakumwacha yule fundi apumue. Alimpigia kila siku. "Ulichokifunga wewe, baba, utakuja kukifungua wewe. Mimi umenifunga hapa, nafunguliwa lini?" Fundi naye si mtu mbaya, alikuwa tu na haraka. Akaja Jumamosi, safari hii akaketi. Wakapitia kero moja baada ya nyingine, Mama Nukta akimzuia kila alipokwenda mbio: "Rudi nyuma. Umebonyeza nini hapo?"

Yanasaidia, kwa hiyo nayaandika kama alivyonieleza. Maneno kugeuzwa: ingia kwenye mipangilio, sehemu ya lugha na uandishi, zima usahihishaji wa papo kwa papo. Printa isiyoonekana: iondoe kabisa kwenye orodha, izime, iwashe, kisha iongeze upya kama mgeni. Maandishi madogo yana kipimo chake humo humo kwenye mipangilio, kivute mpaka macho yakushukuru. Mashine kujisasisha katikati ya kazi: itajie saa zako za kazi, nayo itasubiri. Kuhusu wingu, nakili kwanza kazi zako zirudi ndani ya mashine, hakikisha zinafunguka, ndipo uzime uhifadhi wa wingu. Usianze na kuzima.

Na la mwisho. Kilichofutwa kwenye wingu hakipotei siku hiyo hiyo. Hulala kwanza kwenye pipa la taka la huko huko kwa wiki kadhaa. Fundi alilifungua pipa, na mitihani yote ilikuwa mle, mizima, na nukta zake. Ilikuwa imelala humo wiki nzima wakati Mama Nukta akichapa upya kwa viganja vilivyovimba. Ilihitajika kubonyeza neno moja, Rejesha. Aliyebonyeza Futa hakuuliza kama neno hilo lipo, kwa sababu lawama ilikuwa imeshapata pa kulala.

Mama Nukta alikwenda kumwambia Naibu Mkuu. Akajibiwa, "Basi mama, hayo yameisha." Siku hiyo mashine ilikuwa imepona kabisa, inachapa, inaandika Kiswahili bila kubisha. Aliyekaa mbele yake alikuwa karani mpya. Mama Nukta alimwachia kitambaa kwenye msumari, akarudi mapokezi.

Mafanikio yake ni mengi, na katika sherehe yatatajwa yale yanayotajwa siku zote: uaminifu, uchapakazi, kuwahi kazini. Yote ni kweli. Mimi naongeza kwamba kila aliyemaliza shule hii kwa miaka thelathini na mmoja ana karatasi nyumbani iliyopita mikononi mwake, na haina kosa. Wanaomwita Mama Futa wana majina yaliyoandikwa vizuri kwa sababu yake.

Mama, asante. Asante kwa gereji uliyonipeleka. Tunakuombea asubuhi zisizo na foleni mlangoni, viganja visivyouma, na majirani watakaokuita kwa jina lako. Nenda vizuri, Mama Nukta.

Wasifu huu niliupeleka kwa Naibu Mkuu Jumatano. Aliurudisha Alhamisi asubuhi. Kuanzia "Sasa naomba msomaji anivumilie" hadi hapo Mama Nukta alipoacha kitambaa kwenye msumari, alikuwa amepiga mstari mwekundu, na pembeni akaandika, "Futa." Kilichobaki kimewekwa kwenye ratiba ya sherehe, na mnaweza kukisoma humo, hakichukui muda.

Mchana nilikwenda ofisini. Nilimwonyesha karani mpya zile kurasa. Alizisoma akiwa amesimama, kisha akachukua kikombe chake. "Karatasi zipo kwenye droo," akasema. "Mimi naenda kunywa chai, sijaona kitu." Kitambaa cha buluu kilikuwa bado kwenye msumari. Nilifuta kioo. Nikakaa, nikachapa aya zote upya, pamoja na hii, ili asubuhi niweke nakala moja juu ya kila kiti kabla hamjaingia. Halafu nikarudi mwanzo, nikakagua nukta moja moja.